Mkebe wa Kwanza

Nilipofika Bombo kwenye matanga ya Mzee Ramadhani, mikeka yote ilikuwa imejaa wanawake. Binti yake akanitandikia blanketi la kijivu kando ya ukuta. "Kaa hapa, mama," akasema. "Limezeeka, lakini nimelifua." Nilipokaa, harufu ikanipanda puani kabla sijampa pole: sufu kavu, vumbi lililopata moto, mafuta ya taa kwa mbali. Lilikuwa blanketi la polisi. Nikainua pindo, nikaona tundu dogo la msumari kwenye kona moja, na jingine kwenye kona ya pili. Nikaliweka lile pindo mapajani, nikaliinamia. Wenzangu walidhani nalia. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimerudi Nsambya.

Ninyi mliokuwa watoto Kampala wakati ule wa utawala wa jeshi mtakumbuka jinsi watu walivyojifungia mapema. Jua likishuka, kila mtu alitaka kuwa ndani, na mlango umekazwa. Kwa hiyo katika kambi yetu ya polisi pale Nsambya sinema ilionyeshwa mchana. Jumapili baada ya misa, kengele ya misheni ikishanyamaza kilimani, wanaume walipigilia mablanketi ya kijivu kwenye madirisha ya ukumbi wa kantini, moja juu ya jingine, mpaka giza likapatikana. Nje jua lilichoma bati. Ndani tulitoka jasho kama maharage chunguni, na mablanketi yakatoa harufu ile. Mbele palitundikwa shuka. Nyuma, juu ya meza, ilikaa mashine, na kando ya mashine alisimama Mzee Ramadhani.

Mashine ilikuwa ya mwenye sinema mmoja wa mjini. Wahindi walipofukuzwa naye aliondoka, na vitu vyake vikagawiwa watu kama vya wenzake. Kambi yetu ikapata mashine hiyo, na pamoja nayo filamu moja tu, ndani ya mikebe minne ya bati. Hapakuwa na nyingine. Tuliitazama filamu hiyohiyo Jumapili baada ya Jumapili, na hakuna aliyenung'unika.

Ilikuwa filamu ya vita ya Waamerika, isiyo na rangi, ya Wazungu waliokwenda kulinda mpaka wa nchi ya watu huko upande wa India. Ngome ya udongo imekaa juu ya kilima. Wenye milima, watu wa vilemba na ndevu, wanaizunguka na kupiga risasi kutoka nyuma ya mawe. Maji yanakwisha ngomeni. Askari mmoja anapanda farasi na kutumwa kutafuta msaada. Anafika mtoni, anapigwa, anaanguka, na kofia yake inachukuliwa na maji. Farasi wake anafika peke yake kwenye kambi kubwa, na hapo ndipo jeshi linapojua na kuja. Leo naelewa kwamba wenye milima walikuwa wenye nchi, na kwamba filamu ile ilitengenezwa ili mwivi aonekane shujaa. Lakini sisi tuliishi ndani ya uzio, katika vibanda vya bati vya mviringo tulivyoviita yuniporti, na baba zetu walivaa sare. Tulipoona ngome tuliona kwetu. Mimi hasa niliamini kwamba ile ndiyo kambi ya Nsambya, imepigwa picha kutoka upande nisioujua, na kila Jumapili nilitafuta yuniporti yetu nyuma ya ukuta ule.

Watu wa filamu walisema Kiingereza cha puani ambacho hata wenye vyeo hawakukifuata. Mzee Ramadhani ndiye aliyetueleza. Alikuwa fundi wa redio za polisi, Mnubi wa Bombo, mtu mrefu mwenye pengo mbele mdomoni. Hakujua Kiingereza kutushinda, lakini aliona mbali. Na alikuwa na desturi yake: hakuwaita wale watu kwa majina yao. Aliwapa majina ya kambini. Mpishi mnene wa ngome alikuwa mwuza bia wa kantini yetu, mtu aliyejulikana kwa kupenda nyama. Mke wa kamanda, aliyekaa barazani na mwavuli, alikuwa Min Okot, yaani mama yake Okot, jirani yetu aliyekuwa na mikono mikubwa na kelele za kutosha kambi mbili. "Tazameni Min Okot amechoka na kazi," Mzee alisema, na ukumbi ukalipuka, na Min Okot akajibu gizani, "Ramadhani, nikikukamata nje utaona hiyo kazi!"

Askari wa farasi alimwita Opiyo. Opiyo alikuwa baba yangu.

Haikuwa ajabu. Baba alikuwa tarishi wa pikipiki. Alibeba barua za polisi kwenda Jinja, Masaka, hata kwao Gulu, na aliporudi vumbi lilikuwa limemchora miwani usoni. Jumapili aliniweka mapajani, koti lake likinuka petroli. Farasi alipokaribia mto nilijificha ndani ya koti na kutazama kupitia tundu la kifungo. Risasi ikalia, kofia ikaelea. Bosko, mtoto wa sajenti aliyependa kunichokoza, akapiga kelele, "Opiyo amekufa! Opiyo amekufa!" Na baba akamjibu kila mara, bila kugeuka, "Nyamaza, wewe. Mimi nakufa kila Sande, na Mande niko kazini. Wewe unaweza?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona ni kweli. Nilikuwa nimemwona akianguka mtoni, na nilikuwa nimekaa juu ya magoti yake. Nikaamua kwamba baba alikuwa na uwezo huo, kufa upande ule usio na rangi na kuamka upande huu, na kwamba ilitosha tu awe na mtu wa kumkalia mapajani ili asipotee njia.

Siku moja ya kazi baba aliondoka asubuhi na mfuko wa barua, na hakurudi. Mama alikesha akisikiliza pikipiki. Baada ya siku chache pikipiki ilirudi, imelazwa ndani ya lori kama ng'ombe mgonjwa. Walioileta waliishusha karakana, wakaondoka. Mama alikwenda kuuliza ofisini, akarudi na midomo imekauka. Jioni ile alinishika mabega.

"Jina la baba yako usilitaje tena," akaniambia.

"Hata hapa ndani?"

"Hata hapa. Bati ni jembamba."

Ndivyo ilivyokuwa, nanyi mnajua. Mtu akichukuliwa, jina lake lilichukuliwa pia. Majirani waliacha kupita mbele ya mlango wetu. Kwenye bomba la maji wanawake walimwachia mama nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Sikuwalaumu wakati ule wala leo siwalaumu. Kila mmoja alikuwa na wanawe. Ni Bosko tu aliyesema wazi, maana mtoto hajui kuogopa kwa adabu. "Farasi imerudi peke yake," aliniambia. "Kama kwa picha. Sasa baba yako yuko mtoni."

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Jumapili ilikuwa inakuja. Baba angeanguka mtoni kama siku zote, lakini safari hii sikuwa na magoti ya kukalia upande huu. Niliona wazi kwamba asipozuiwa kufa Jumapili ile, hataamka Jumatatu wala siku nyingine.

Nilikuwa mtoto wa haya sana. Mgeni akija nilisimama nyuma ya mlango mpaka aondoke. Shuleni mwalimu alinidhani bubu. Lakini nilikwenda karakana peke yangu, nikasimama mlangoni. Mzee Ramadhani alikuwa akisafisha kitu kwa kitambaa. Pikipiki ya baba ilikuwa imeegemezwa ukutani. Aliniona, akaendelea kusafisha, akaniacha nisimame kadiri nilivyohitaji.

"Sande hii," nikasema mwishowe, "usimuue."

"Nani?"

Nilikumbuka bati jembamba. "Yule wa farasi."

Kitambaa kikasimama. Akatazama pikipiki, kisha akanitazama mimi. "Mwanangu, mimi siui mutu," akasema. "Mimi nawasha mashine tu. Picha inafanya yenyewe." Nadhani uso wangu ulimwonyesha kitu, kwa sababu aliweka kitambaa chini na kupaka kidevu mafuta meusi bila kujua. "Lakini," akasema polepole, "picha inakaa ndani ya mukebe. Na mukebe nafungua mimi. Nenda nyumbani. Mwambie mama yako aje Sande."

Mama hakutaka. Min Okot ndiye aliyekuja kumtoa. Alikuwa wa kwanza kuvuka kizingiti chetu tangu lori lile. "Vaa," akasema. "Utakaa hapa mpaka uote uyoga?" Tukaenda. Ukumbini benchi letu lilikuwa tupu, na hakuna aliyekaa karibu nalo. Tulikaa sisi watatu katikati ya nafasi ile, Min Okot amejitanua kama anayetaka kuijaza yote.

Kwenye kiti cha mbele alikuwepo ofisa wa jeshi aliyeletwa kambini kuwaangalia polisi. Hakupenda sinema. Alikuja na redio ndogo sikioni, akasikiliza mpira.

Mashine ikawaka. Ngome ilikuwa tayari imezungukwa, maji tayari yanakwisha.

"Muzee, umeanza katikati!" mtu akaita.

"Leo tunaanza mahali njaa imeanza," Mzee akajibu. "Mwanzo mnaujua."

Akaendelea kueleza kama kawaida, mpishi na nyama yake, kamanda na tumbo lake, lakini askari wa farasi alipopanda hakumpa jina. Alisema tu, "Huyu ametumwa." Farasi akakimbia kati ya mawe. Nikashika nguo ya mama. Nyuma ya mawe yale, nilijua, kuna mto. Nikasikia mashine ikikohoa. Picha ikafa. Shuka likabaki jeupe tupu, linachoma macho.

Kubadilisha mkebe kulichukua muda, na kwa kawaida wanawake walitoka kutazama sufuria zao. Safari hii hakuna aliyetoka. Kila mtu alijua kwamba mto ulikuwa bado ndani ya mkebe ule uliotolewa, haujafika mwisho. Tulisikia bati likifungwa, bati jingine likifunguliwa.

"Sasa," Mzee Ramadhani akasema nyuma yetu, kwa sauti ya kila siku, "Opiyo anarudi."

Redio ya ofisa ikazimwa. 

"Muzee."

"Ndiyo, afande."

"Opiyo ni nani?"

"Ni huyu wa farasi, afande. Huyu mweupe."

"Muzungu anaitwa Opiyo?"

"Afande, jina lake la Kizungu ni kubwa sana. Nililisema mara moja, likatoka na jino." Na akasogea kwenye mwanga wa mashine, akafungua mdomo kumwonyesha pengo.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Ofisa akamtazama, kisha akageuka na kutazama ukumbi. Macho yake yakafika kwenye benchi letu, na kwenye nafasi iliyotuzunguka. Yakakaa hapo.

"Huyu Opiyo wako anatoka wapi?"

"Kazini, afande. Alitumwa."

"Na anakwenda wapi?"

"Nyumbani kwake tu."

Ofisa alirudi kutazama mbele. Akaweka redio mapajani. "Endelea," akasema.

Ule ulikuwa mkebe wa kwanza. Sisi tuliokuwa tumeitazama filamu ile mpaka tukaiota usiku tulijua mkebe wa kwanza una nini: askari wa doria wanapanda kilima kurudi ngomeni, wamejaa vumbi, na yule wa mbele ni yeye, mzima, kofia kichwani. Wanasimama mbele ya lango kubwa la mbao. Lango limefungwa. Jumapili nyingine zote Mzee alipita hapo haraka. Leo alisimama.

"Amefika," akasema. "Lango limefungwa. Askari wa zamu sijui amelala."

Watu wakatazama kisogo cha ofisa.

"Si wamfungulie!" Min Okot akasema.

"Hawasikii, mama. Wako mbali."

"Fungueni lango!" Min Okot akanguruma. Sauti ya mwanamume ikaitikia kutoka ukutani, "Fungueni lango!" Kisha ya mwingine. Kisha benchi moja, benchi la pili, na Bosko naye, na mwuza bia, mpaka bati la ukumbi likatetemeka. Na katikati ya kelele zile mama yangu, aliyeniambia nisilitaje jina lile hata ndani ya nyumba, alisimama na kuita, "Opiyo!" Hakumlilia. Aliita kama mke anayemwita mumewe chakula kiko tayari. "Opiyo! Opiyo!"

Lango likafunguliwa. Nilijua kabisa kwamba sisi ndio tuliolifungua. Akaingia, akashuka, akamwacha farasi anywe maji, na yule mama wa mwavuli akasimama barazani. "Min Okot amempikia," Mzee akasema, na ukumbi ukacheka kicheko kirefu chenye machozi ndani yake. Mashine ikazimwa hapo.

Tulipotoka kwenye jua, mke wa sajenti, mama yake Bosko, alimfuata mama akambebea kigoda. Jioni tulikuta ungo wa maharage mlangoni, na asubuhi wanawake bombani walisogea karibu na mama kama zamani.

Baba hakurudi. Lazima niseme wazi, kwa sababu mtoto aliyekuwa mimi alingoja muda mrefu. Lakini alipata njia moja ya kurudi, na alirudi kila Jumapili. Kuanzia siku ile mkebe wa kwanza uliwekwa mwisho, na mto haukuonyeshwa tena. Wiki chache baadaye Min Okot alikwenda karakana naye, kwa sababu ya ndugu yake Otim, askari aliyepotea kule Mbarara. Wapanda farasi wa doria walikuwa wengi. Mzee akampa Otim yule aliyevaa kofia upande. Kisha akaja mama mmoja wa Kiganda aliyetuletea ndizi kutoka soko la Kalerwe, akasema kwa haya kwamba mwanawe Musoke, naye aliyepotea, alikuwa mwembamba, mpanda baiskeli. Naye Musoke akapewa farasi mweupe. Mpaka mwisho kila farasi aliyepita langoni alikuwa na jina, na Mzee aliyaita yote, mmoja baada ya mwingine, wanapoingia. Ofisa aliendelea kuja. Hakuuliza tena. Redio aliizima mwenyewe farasi wa kwanza alipotokea.

Shule yangu iliishia darasa la saba, na naandika polepole. Imenichukua miaka mingi kuelewa alichofanya mtu yule. Watu wa kabila lake ndio waliokuwa na nguvu wakati ule. Angeweza kunyamaza akala ugali wake kwa amani, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alichukua majina ambayo watu waliogopa kuyataja hata ndani ya nyumba, akayasema kwa sauti mbele ya bunduki, kwa sababu mtoto alimwomba kitu kisichowezekana. Serikali ilipoanguka, na watu wenye hasira wakaja kambini kuwatafuta Wanubi, walimkuta mama yangu na Min Okot wamekaa kwenye kizingiti cha yuniporti yake, wanapepeta ufuta. "Huyu ni wetu," mama alisema, wala hakuinuka. Walipepeta mpaka watu wakaondoka. Ukumbi uliporwa siku zile, na watoto walifungia mbuzi kwa mikanda ya filamu. Mablanketi yalibaki, nadhani, kwa sababu hakuna aliyejua thamani yake.

Pale Bombo, wanaume walipomaliza kumswalia Mzee Ramadhani, wakainua jeneza kwenda makaburini. Sisi wanawake tulibaki mkekani. Lango la nyumba yake ni la mabati, la pande mbili, na upande mmoja komeo la chini lilikuwa limeshika kutu. Jeneza likasimama. Vijana wakainama, wakavuta, wakagombezana kwa sauti ya chini. Walioshika mbele walikuwa wameanza kutetemeka mikono.

Mimi bado ni mtu wa haya. Harusini kwa mwanangu nilikataa kushika kipaza sauti. Lakini nilijikuta nimesimama, blanketi limeanguka miguuni.

"Fungueni lango!"

Vijana wakageuka kunitazama. Watu wote wakanitazama. Kisha nyuma yangu, kutoka kona ya mkeka, sauti ya bibi kizee asiyeona tena vizuri lakini mwenye mikono mikubwa bado, ikanguruma:

"Fungueni lango! Ramadhani anakwenda nyumbani!"

Komeo likaachia. Nikasimama hapo nikiwatazama wakipita naye, mpaka wa mwisho alipotoka.